Maspika na makarani wa mabunge wakikutana, mfugaji wa Isiolo ana fungu gani?

Hakuna habari inayosomwa kwa haraka, na kusahauliwa kwa haraka zaidi, kuliko ile ya mkutano wa maspika wa mabunge. Picha hupigwa, taarifa ya pamoja husomwa, kisha kila mheshimiwa hupanda ndege kurejea kwao. Katika mji wa Isiolo, ambako mtu huamka akiulizia bei ya mbuzi sokoni na hali ya barabara ya kwenda Merti, habari ya namna hiyo huonekana kuwa ya ulimwengu mwingine. Ndiyo maana wengi wamekata shauri kwamba mikutano hiyo ni kisingizio cha marupurupu tu. Nakusudia kuonyesha kwamba shauri hilo lina nusu ya ukweli, na kwamba nusu ya pili ndiyo hasa inayotugusa sisi wa kaskazini.

Kwanza tuelewane kuhusu wahusika. Spika hakupewa jina hilo kwa sababu ya kusema sana. Katika Bunge la Uingereza, ambako cheo hiki kilizaliwa, Spika alikuwa mjumbe aliyetumwa na wenzake kumfikishia mfalme kauli yao. Mwaka 1642, Mfalme Charles wa Kwanza alipoingia Bungeni na askari akitaka kuwakamata wabunge watano, Spika William Lenthall alimjibu kwa heshima kwamba hana macho ya kuona wala ulimi wa kunena isipokuwa kama Bunge litakavyomwelekeza. Tangu hapo imekubaliwa kwamba Spika ni mlinzi wa nafasi ya wengine kusema. Karani naye ndiye mlinzi wa kile kilichosemwa. Yeye huandaa ratiba ya shughuli, hutunza kumbukumbu, humshauri Spika kuhusu kanuni, na huthibitisha kwa sahihi yake kwamba mswada uliopitishwa ndio huu na si mwingine. Wabunge huja na kuondoka baada ya kila uchaguzi, lakini kumbukumbu ya ofisi ya karani hubaki.

Hapa sisi wanaisimu hatuwezi kupita bila kusimama. Nchini Kenya afisa huyu huitwa Karani wa Bunge. Ng'ambo ya Namanga, huko Dodoma, huitwa Katibu wa Bunge. Neno karani limetujia kwa njia ya biashara ya Bahari ya Hindi, na katika masikio ya Mkenya wa kawaida lingali linamaanisha mwandishi mdogo wa ofisini, anayepokea barua na kupanga faili. Neno katibu lina uzito wa uongozi. Watu wawili wenye kazi moja, mmoja akibeba jina la cheo na mwingine jina la kijakazi, watakutana katika meza moja wakiwa sawa kwa kanuni na tofauti kwa taswira. Tofauti haiishii kwenye jina. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inaitaka Tume ya Huduma za Bunge imteue karani kwa idhini ya nyumba anayoitumikia. Nchini Tanzania, Katibu wa Bunge huteuliwa na Rais. Msomaji na azingatie jambo hilo, kwani tutalirudia.

Ushirikiano wa watu hawa si jambo la juzi. Umoja wa Mabunge Duniani uliundwa mwaka 1889, kabla hata reli ya Uganda haijaanza kutandazwa kutoka Mombasa. Makarani wa mabunge ya himaya ya Uingereza walianzisha chama chao mwaka 1932 kwa juhudi za Owen Clough, karani wa Seneti ya Afrika Kusini, nao wakaanza kuchapisha jarida la kupashana habari za kanuni na maamuzi. Maspika wa Jumuiya ya Madola walichelewa: mkutano wao ulianzishwa mwaka 1969 kwa mwito wa Lucien Lamoureux, Spika wa Kanada. Makarani, basi, walitangulia kwa zaidi ya miaka 30, nao walikutana kwa ajili ya kazi ya mikono: nani ameamua nini, kwa kanuni ipi, na wengine wajifunze nini. Maspika walipokuja, mambo ya itifaki yaliongezeka.

Nchi zetu zimekuwa mwenyeji wa mikutano mikubwa ya aina hii. Nairobi ilipokea mkutano wa Umoja wa Mabunge Duniani mwezi Mei 2006, Kampala ikaupokea mwaka 2012, na Kampala hiyohiyo ikawakaribisha maspika wa Jumuiya ya Madola Januari 2024. Oktoba 2023, Spika wa Tanzania wa wakati huo, Dkt. Tulia Ackson, alichaguliwa kuwa Rais wa Umoja wa Mabunge Duniani. Haya ni mambo ya kujivunia. Lakini fahari ya kukaribisha wageni haitupi jibu la swali la mfugaji wa Garbatulla.

Jibu hatuna budi kulitafuta karibu na nyumbani. Afrika Mashariki ilikuwa na baraza la pamoja la kutunga sheria tangu mwaka 1948, chini ya wakoloni. Baraza hilo lilibadilishwa sura mwaka 1961, likapewa sura nyingine na Mkataba wa Jumuiya wa 1967, kisha likazama pamoja na Jumuiya yenyewe mwaka 1977. Mkataba mpya ulitiwa sahihi Arusha tarehe 30 Novemba 1999, ukaanza kutumika Julai 2000, na Bunge la Afrika Mashariki likazinduliwa mwishoni mwa mwaka 2001 chini ya Spika Abdulrahman Kinana. Waliouandika Mkataba huo walikuwa wamejifunza jambo moja kutokana na kifo cha 1977, kwamba Jumuiya ya marais pekee hufa marais wanapokosana. Kwa hiyo waliweka kamba za kuyafunga mabunge pamoja.

Kamba hizo zimo katika ibara mbili ambazo ni nadra kutajwa. Ibara ya 49 inalitaka Bunge la Afrika Mashariki lishirikiane na mabunge ya nchi wanachama katika mambo yote yanayohusu Jumuiya. Ibara ya 65 inaeleza namna, na hapo ndipo makarani wanapoingia. Karani wa Bunge la Arusha anatakiwa kuwapelekea makarani wa mabunge ya nchi wanachama kumbukumbu za mijadala yote inayohusika, ili ziwekwe mezani katika mabunge yao. Makarani hao nao wanatakiwa kumpelekea kumbukumbu za mijadala yao inayogusa Jumuiya. Baadaye maspika waliunda ofisi yao ya pamoja, inayowakutanisha maspika wa nchi wanachama na yule wa Arusha.

Ukiisoma ibara hiyo ya 65 kwa makini utaona kasoro. Kumbukumbu zinatoka kwa karani na kufika kwa karani, lakini hazifiki mezani mpaka waziri anayehusika na mambo ya Jumuiya aziweke yeye. Maana yake ni kwamba mlango kati ya bunge na bunge una bawabu, na bawabu huyo anatoka Serikalini. Waziri mwenye shughuli nyingi huchelewa, na waziri asiyefurahishwa na yaliyosemwa hana haraka. Mbunge wa Isiolo Kusini akitaka kujua wenzake wa Arusha walisema nini kuhusu magonjwa ya mifugo, haki anayo, lakini njia imepitia kwa mtu mwingine. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Hapa daftari lipo, ila limewekwa katika kabati la jirani.

Kwamba hasara yake ni ya kweli, historia inatuonyesha mara mbili, na mara zote mbili Kenya ndiyo iliyokuwa chanzo. Mwaka 2006 ulipofika wakati wa kuwachagua wabunge 9 wa Kenya kwenda Arusha, majina yaligawanywa kwa vyama na kupelekwa bila uchaguzi ambao Ibara ya 50 ya Mkataba inautaka. Profesa Peter Anyang' Nyong'o na wenzake walikwenda katika Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki. Novemba mwaka huo Mahakama ikawazuia wabunge wa Kenya kuapishwa, na Machi 2007 ikaamua kwamba kilichofanywa na Bunge la Kenya hakikuwa uchaguzi. Miezi ikapita Bunge la pili la Afrika Mashariki likishindwa kuanza kazi, na wabunge wa Uganda na Tanzania, ambao hawakuwa na hatia, wakingoja.

Mwaka 2017 mambo yakajirudia kwa sura nyingine. Muda wa Bunge la tatu uliisha mwezi Juni. Kenya ilikuwa katika joto la uchaguzi wa Agosti, Mahakama ya Juu ikaubatilisha uchaguzi wa rais, kura ikarudiwa Oktoba, na vyama vikavutana kuhusu nani apelekwe Arusha. Bunge la nne halikukutana hadi Desemba. Kwa takriban nusu mwaka eneo zima halikuwa na chombo cha kutunga sheria kwa sababu ya kalenda ya nchi moja. Katika mambo yote hayo hapakuwa na tatizo la itikadi wala la fedha. Lilikuwa tatizo la kanuni na ratiba, yaani kazi ya makarani. Kama makarani wangekuwa na desturi ya kukaa mwaka mmoja kabla, wakilinganisha kalenda na kanuni za uchaguzi, na maspika wakayatia nguvu makubaliano yao, aibu hiyo ingeepukwa.

Sasa tuulete mjadala kaskazini. Isiolo ni mji wa njia panda. Zama za ukoloni, na hata baada ya uhuru, ulikuwa lango la Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini, na msafiri hakupita bila kibali. Leo lango limefunguka: barabara ya lami ya takriban kilomita 500 inatoka hapa kupitia Marsabit hadi Moyale, na Desemba 2020 kituo cha pamoja cha mpakani kilifunguliwa huko ili msafiri akaguliwe mara moja tu. Waborana, Wasomali, Waturkana, Wasamburu na Wameru wanakutana katika soko moja la mifugo. Ng'ombe anayeuzwa hapa huenda alizaliwa upande wa pili wa mpaka, na ugonjwa wa miguu na midomo haujui pasipoti.

Hapo ndipo inapojitokeza dosari ambayo watu wa Nairobi na Arusha hawaioni kwa urahisi. Ofisi ya maspika wa Afrika Mashariki inafuata mipaka ya Jumuiya. Jumuiya hiyo imekua sana: Rwanda na Burundi mwaka 2007, Sudan Kusini 2016, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo 2022, na Somalia 2024. Lakini Ethiopia si mwanachama. Maspika wetu wanaweza kuafikiana na Kinshasa, mji ambao mfugaji wa Merti hataufikia maishani mwake, huku jirani wa Moyale akibaki nje ya meza. Ushirikiano na Ethiopia hupitia IGAD, ambayo nayo ina umoja wake wa mabunge wenye makao Addis Ababa. Ni wangapi kati yetu waliowahi kusikia mbunge wa kaskazini akisimama kuuliza umoja huo umefanya nini? Mwaka 2020 nchi za IGAD zilipitisha itifaki ya kuhamahama kwa wafugaji, inayokubali kwamba kuvuka mpaka kwa ajili ya malisho na maji ni njia halali ya kuishi na si uhalifu. Itifaki haigeuki kuwa haki ya mtu mpaka nchi iiridhie na sheria zake ziilingane. Bunge moja likiridhia na jingine likanyamaza, mfugaji huanza safari akiwa na haki na kufika akiwa mkosaji.

Tuchukue mfano wa nzige. Mwishoni mwa Desemba 2019 makundi ya nzige wa jangwani yaliingia Kenya kutoka Somalia na Ethiopia, na mapema mwaka 2020 malisho ya Isiolo yalikuwa miongoni mwa yaliyoshambuliwa. Ilisemwa kuwa Kenya haikuwa imeona uvamizi wa namna ile kwa miaka 70. Msomaji huenda akashangaa akiambiwa kwamba chombo cha pamoja cha kupambana na nzige hao kilikuwapo tangu mwaka 1962. Ni shirika la nchi za Afrika Mashariki na Pembe ya Afrika, lenye makao Addis Ababa, lililoanzishwa kwa mkataba na kupewa kazi hiyo mahsusi. Nzige walilikuta limedhoofika kwa sababu, miongoni mwa mambo mengine, nchi wanachama zilikuwa na malimbikizo ya michango.

Michango hiyo huidhinishwa wapi? Bungeni, katika makadirio ya matumizi, mstari mmoja mdogo kati ya maelfu ya mistari. Mbunge wa Nairobi akiupitisha au akiukata hana habari kama mwenzake wa Kampala au Addis amelipa. Kila bunge hufikiri kwamba deni lake ni dogo na wengine watalifidia. Laiti makarani wangekuwa na desturi ya kubadilishana orodha ya michango iliyoidhinishwa na iliyosahauliwa, na maspika wakaisoma mbele ya mabunge yao kila Juni bajeti inaposomwa, aibu ingefanya kazi ambayo hotuba hazikuifanya. Orodha ya kurasa mbili ingekuwa na manufaa kwa mfugaji wa Kinna kuliko taarifa kumi za pamoja.

Nije sasa kwenye suala la lugha, ambalo ni fani yangu, na ambalo naamini ndilo kizuizi kisichosemwa. Ibara ya 65 inataka kumbukumbu zitoke bunge hili ziende bunge lile. Swali ni: zisomwe na nani, katika lugha gani? Bunge la Dodoma hujadili kwa Kiswahili. Nairobi hujadili kwa Kiingereza kwa sehemu kubwa, ingawa Ibara ya 120 ya Katiba imefanya Kiswahili, Kiingereza na Lugha ya Ishara ya Kenya kuwa lugha rasmi za Bunge. Kampala hutumia Kiingereza, Kinshasa Kifaransa, Mogadishu Kisomali. Mkataba wa Jumuiya ulikiweka Kiingereza kuwa lugha rasmi na kukiahidi Kiswahili kwamba kitakuzwa kiwe lugha ya mawasiliano. Zimepita zaidi ya miaka 20 tangu ahadi hiyo. Umoja wa Afrika ulikikubali Kiswahili kuwa lugha yake ya kazi mwaka 2022, na UNESCO ilikuwa imekwisha kukitengea siku yake, tarehe 7 Julai. Hatukosi siku ya kukisherehekea Kiswahili. Tunachokosa ni kamusi ya mezani ya karani.

Si kwamba hatujawahi kujaribu. Mwaka 1974 Mzee Jomo Kenyatta aliamuru Kiswahili kitumike katika Bunge la Kenya. Wabunge wakawa wanasoma miswada iliyoandikwa kwa Kiingereza na kuijadili kwa Kiswahili bila istilahi zilizokubaliwa. Mtu alikuwa akitafsiri kichwani huku saa ikimkimbiza. Mwaka 1979 Kiingereza kikarudishwa kando ya Kiswahili. Somo la miaka ile ni kwamba amri ya kisiasa isiyotanguliwa na kazi ya istilahi huanguka. Watanzania nao, pamoja na ufasaha wao wote, walijadili kwa Kiswahili miswada ya Kiingereza kwa miongo mingi; ni mwaka 2021 tu ndipo sheria yao ilipokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na mahakama.

Wapo wanaodhani istilahi zipo tayari kwa kuwa sote tunasema Kiswahili. Hebu tuzitazame. Mkenya husema mswada, Mtanzania muswada; hilo ni dogo. Mkenya husimama kwa hoja ya nidhamu, Mtanzania husimama kuhusu utaratibu. Anayewasimamia wabunge wa chama wasitoroke kura huitwa kiranja Nairobi na mnadhimu Dodoma. Mwambie Mtanzania kwamba kiranja wa Bunge amefika naye atadhani ni mwanafunzi aliyetumwa kuleta chaki. Kubwa zaidi ni kung'atuka. Mwalimu Nyerere alipoacha urais mwaka 1985 neno hilo lilienea likimaanisha kuondoka madarakani kwa hiari na kwa heshima. Magazeti ya Kenya yamelichukua, yakaliongezea kiambishi, na sasa kiongozi hung'atuliwa kwa nguvu za kura. Neno moja; Dodoma ni sifa, Nairobi ni fedheha. Kumbukumbu ya bunge ikivuka mpaka na neno kama hilo ndani yake, imevuka na maana isiyo yake.

Naujua ubishi utakaoletwa. Watasema Kiswahili si lugha ya mama ya mzee wa Kiborana wa Merti wala ya mama wa Kiturkana wa Ngare Mara, kwa hiyo tunabadilisha tu ugeni mmoja kwa mwingine. Ubishi huo una haki yake. Lakini tazama sokoni Isiolo: Mborana na Mturkana wakipatana bei ya dume la mbuzi, hawapatani kwa Kiingereza. Kiswahili ni lugha ya pili iliyo karibu, inayofikika bila cheti cha shule, na inayoweza kutafsiriwa redioni kwa Kiborana au Kisomali na mtu yeyote wa hapa. Kumbukumbu ya Kiswahili ipo hatua moja kutoka kwa mwananchi. Ya Kiingereza ipo hatua mbili, na kwa wengi hatua ya pili ndiyo isiyofika.

Kuna watakaouliza: yote haya ya mataifa yatuhusu nini, na bunge letu wenyewe la kaunti limetushinda? Swali ni zuri, nalo linaujibu mjadala kuliko linavyoupinga. Mwaka 2025 Isiolo ilijulikana nchi nzima kwa hoja ya kumwondoa gavana. Shauri lilipofika Seneti mwezi Julai, halikufika kwenye kiini cha tuhuma. Lilikwama kwenye pingamizi la awali lililohoji kama kikao cha Bunge la Kaunti cha kupitisha hoja hiyo kilifanyika kwa kweli. Seneti ikalikubali pingamizi na kuusitisha mchakato. Sitaki kuingia katika mabishano ya nani alikuwa mkweli, kwani wasomaji wa pande zote mbili wana hoja zao. Nasema hivi tu: jamii inapofika mahali haiwezi kukubaliana kama kikao kilikuwapo au hakikuwapo, msingi wa bunge umetikisika. Msingi huo ni kiti cha Spika na meza ya karani. Walioshtakiwa hawakusafishwa kwa ushahidi, walioshtaki hawakusikizwa, na mwananchi hakupata jibu lolote kuhusu fedha zake.

Msukosuko wa namna hiyo hauko Isiolo pekee. Desemba 2014 Bunge la Afrika Mashariki lenyewe lilimwondoa Spika wake, Bi Margaret Zziwa wa Uganda, katika mvutano uliolemaza shughuli kwa miezi na kuishia mahakamani. Karani anayezungukwa na makundi mawili, kila moja likimtaka aandike lake, anahitaji kitu cha kuegemea. Sheria ya nchi yake ni egemeo la kwanza. Egemeo la pili ni wenzake wa taaluma moja, wanaojua kanuni, wanaoweza kusema kwa sauti moja kwamba kumbukumbu hughushiwi kwa ajili ya mtu yeyote. Hapa ndipo ile tofauti ya uteuzi niliyoitaja mwanzoni inapokuwa na maana. Karani aliyeidhinishwa na bunge na yule aliyeteuliwa na Rais hawana uhuru uleule. Wakikutana, hilo ndilo wanalopaswa kulijadili kwanza, ingawa ndilo linalokwepwa kwa adabu.

Sina budi kuwatendea haki wapinzani wa mikutano hii. Wanasema maspika ni wanasiasa wa vyama, hulindana, na hakuna anayemkemea mwenzake anapouminya upinzani nchini mwake. Ni kweli. Ukizisoma taarifa zao za pamoja utapata maneno kama mshikamano na maendeleo endelevu, lakini hutapata aya inayomwambia Spika fulani kwamba amekosea. Wanasema pia gharama ni kubwa, na Bunge la Arusha lenyewe limewahi kukwama kwa sababu nchi wanachama hazikutoa michango kwa wakati. Hilo nalo ni kweli. Tarehe 25 Juni 2024 vijana wa Kenya waliingia katika majengo ya Bunge kwa hasira juu ya Mswada wa Fedha. Wananchi waliofika hapo hawawezi kuvumilia safari ambazo matunda yake hayaonekani.

Hata hivyo, tukiamua kwamba dawa ni kuuvunja ushirikiano, tutabaki na ule wa marais peke yao, na tunajua ulivyoishia mwaka 1977. Dawa ni kuupunguza ukubwa wake wa sherehe na kuuongeza uzito wake wa kazi. Kwanza, Ibara ya 65 irekebishwe ili karani amkabidhi Spika kumbukumbu moja kwa moja, na Spika aziweke mezani bila kumngoja waziri. Pili, makarani wachapishe kila mwaka kalenda ya pamoja na orodha ya michango na itifaki ambazo kila bunge limeshughulikia au limeziacha. Tatu, Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki iliyoko Zanzibar ikae na makarani hao hadi itoke kamusi moja ya istilahi za bunge, na kila nchi ikubali kupoteza baadhi ya maneno yake inayoyapenda. Mimi niko tayari kuliacha kiranja. Nne, maspika wa Jumuiya wafanye kikao kimoja kila mwaka na wenzao wa IGAD, na angalau mara moja kikao hicho kifanyike Moyale au hapa Isiolo, si hotelini ufukweni.

Na wapigakura wa Isiolo tunalo letu la kufanya. Mwanasiasa akija kutuomba kura tumezoea kumwuliza kuhusu visima, barabara na karo za watoto. Tuongeze swali moja: bunge lako limepokea kumbukumbu gani kutoka bunge la jirani mwaka huu kuhusu mifugo, na wewe umezisoma? Akishindwa kujibu, tumwandikie karani, yule wa Nairobi na yule wa kaunti pia, tumtake atuonyeshe daftari. Kuomba kuliona daftari ni haki yetu kikatiba, na barua haina marupurupu.